Barabara Iliyofagiliwa kwa Wageni

Nyamagana, Mwanza
29 Januari 2024

Mtendaji wa Kata,
Kata ya Nyashilanga.

YAH: KUHESABU WATU NA VYOMBO KATIKA BARABARA YA MWALONI

Ndugu Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yetu ya wahandisi washauri imepewa na Halmashauri kazi ya kusanifu barabara zitakazojengwa awamu ijayo. Barabara ya kutoka Igoma hadi mwalo wa kushushia samaki wa Nyashilanga ni mojawapo ya zinazofikiriwa. Kabla hatujachora chochote tunapaswa kujua nani anaipita, na kwa chombo gani. Kwa hiyo Jumanne tarehe 6 Februari makarani wetu wataketi njia panda ya mgahawa wa Mama Precious, asubuhi mpaka jioni, wakihesabu kila kinachopita: magari, bajaji, bodaboda, baiskeli, mikokoteni, mifugo na waenda kwa miguu.

Tunaomba uwajulishe wananchi ili wasiwashangae vijana wetu. Katika mradi huu sisi na Halmashauri ni kitu kimoja. Sisi tuna vipimo, ninyi mnaijua barabara.

Wako katika kazi,
Nasma Seif
Mhandisi Mshauri


Ofisi ya Mtendaji wa Kata, Nyashilanga
7 Februari 2024

YAH: ZOEZI LILILOFANYIKA KWA MAFANIKIO MAKUBWA

Injinia Nasma,

Salaam nyingi kutoka Nyashilanga. Utaniwia radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia. Simu haina mhuri, na mimi kitu kisicho na mhuri huwa nakiona kama umbea.

Makarani wako walipokelewa jana kama wageni wanavyopokelewa katika kata yenye uongozi. Walipewa viti vyenye migongo. Walipewa mwavuli. Mchana walipewa samaki sato ambaye, niseme ukweli, alikuwa mkubwa kuliko vyeo vyao.

Barabara yenyewe wameiona. Hapakuwa na meza ya nyanya iliyovamia njia, hapakuwa na honi, hapakuwa na samadi, hapakuwa na mtu wa kumkanyaga mwenzake. Mambo yaliyofanyika kabla hawajafika ni ya ndani ya kata, sitakuchosha nayo. Mgeni tunamwonyesha sebule.

Nimefanya kazi hii chini ya wakurugenzi wengi, na sijapata kuiona barabara yangu ikipendeza kama jana. Nasubiri lami kwa utulivu.

Mhoja Luhaga
Mtendaji wa Kata
(Mhuri)


Nyamagana
26 Februari 2024

Mzee Mhoja,

Shikamoo. Vijana wetu wanakushukuru kwa viti, mwavuli na yule sato. Jonathan, mkubwa wa makarani, anasema tangu aanze kazi hii hajawahi kukaa kwenye barabara tulivu namna ile. Alilimaliza gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo.

Hapo ndipo kwenye tatizo.

Kutwa nzima magari yalikuwa machache kiasi kwamba Jonathan alipata muda wa kuandika na rangi zake. Waenda kwa miguu walikuwa wachache zaidi, tena wengi wao wamevaa kama wanaokwenda kubatiza mtoto. Alipita mbuzi mmoja, akarudi. Na ipo taarifa ya mzee aliyesimama katikati ya barabara sehemu kubwa ya siku, akiongoza magari ambayo hayakuwepo. Nadhani ni wewe.

Kwa hesabu hiyo barabara yenu haistahili lami, wala mitaro, wala njia ya waenda kwa miguu. Rasimu yetu inapendekeza iondolewe kwenye orodha na nafasi yake ipewe barabara nyingine. Kikao cha Halmashauri cha kuamua kitakaa mwezi wa nne. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Nasma Seif


Nyashilanga
1 Machi 2024

Injinia,

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama.

Barabara yangu haina watu? Alfajiri, wewe ukiwa bado unavuta shuka huko Nyamagana, pikapu ndogo za kirikuu zenye sangara zinatoka mwaloni zikivuja maji ya barafu, unaweza kuzifuata kwa harufu mpaka Igoma. Zinafuatiwa na mafuso ya dagaa. Wanafuata kina mama, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, simu sikioni. Watoto wa shule wanatoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Bodaboda za huku zinabeba kila kitu. Wiki iliyopita nimeona moja imebeba kitanda, na mwenye kitanda kakaa juu yake anakula muhogo. Ng'ombe wa Mzee Masele wanakwenda kunywa ziwani na kurudi, na upande wa kushoto hawajawahi kuusikia. Hao wote wakikutana na fuso kwenye kona ya kanisani, hata mimi mwenye cheo nasubiri zamu.

Siku ile ya tarehe 6 watu walikuwa na udhuru. Sina la kuongeza hapo.

Ila nina la kuongeza hapa. Nina shemeji, anaitwa Selina, mjane wa mdogo wangu. Anabeba dagaa kutoka mwaloni. Masika iliyopita fuso lilimjia pale konani na hakuwa na pa kukanyaga. Upande mmoja fuso, upande wa pili korongo lililochimbwa na maji kwa sababu hatuna mtaro. Akachagua korongo. Mguu uliunga vibaya. Mpaka leo anaipita barabara ileile kila siku, anachechemea na ndoo yake, na kila akifika usawa wa ofisi yangu anaingiza kichwa dirishani: "Shemeji, njia yetu ya miguu imefika wapi?"

Nami nilisimama kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya kata nzima, nikamjibu kwamba inakuja, wataalamu wameshafika. Ukiiondoa barabara kwenye orodha, akiingiza kichwa dirishani kesho nimwambie nini? Nifunge dirisha?

Naomba, na nimeweka mhuri, mhesabu upya.

Mhoja Luhaga
Mtendaji wa Kata
(Mhuri)


Nyamagana
5 Machi 2024

Kwa Mhandisi Teodora Mayala
Idara ya Barabara, Halmashauri

Dada Teodora,

Nakutumia barua ya mtendaji wa Nyashilanga pamoja na picha alizopiga Jonathan siku ya kuhesabu. Picha hizi tuliziweka kwenye ripoti bila kuziangalia, kama watu wafanyavyo. Leo nimeziangalia.

Kwenye changarawe kuna mistari ya ufagio mpaka macho yanapokoma. Kandoni kuna mashimo ya miguu ya meza, mapya, bila meza. Nyuma ya mti kuna rundo la samadi mbichi limefunikwa gunia. Na kwenye picha ya mwisho, juu ya ua wa mtu, kuna pembe. Ukiikuza utaona ni ng'ombe wengi sana, wamesimama ndani ya uwanja wa nyumba, wamenyamaza.

Dada, mzee alituficha barabara nzima.

Simcheki peke yake. Jioni ile Jonathan alinipigia akasema njia ni tupu, nami nikamjibu aandike alichoona. Mimi mwenye shahada mbili sikujiuliza ilikuwaje barabara ya mwaloni isiwe hata na harufu ya samaki. Nimetaka kuifuta barabara ya watu kwa sababu ilikuwa safi.

Nifanyeje? Nikimwandikia kwamba nimejua, nitamvunja. Nisipohesabu upya, nitamvunja zaidi.

Nasma


Halmashauri
7 Machi 2024

Mdogo wangu Nasma,

Nimecheka mpaka katibu muhtasi kaniletea maji.

Mhoja namfahamu tangu sijawa mhandisi. Walipokuja wakaguzi wa vyoo vya shule, alivipiga kufuli wiki nzima visichafuke. Wakaguzi wakaandika kwamba vyoo havitumiki. Si mwongo hata kidogo. Kwake yeye mtu akishuka kwenye gari na ubao wa kuandikia, amekuja kukagua usafi. Na waliomfundisha hivyo ni sisi wa ofisini. Kila tukienda huko tunasifia mawe yaliyopakwa chokaa, hatujawahi kumsifia mtu kwa msongamano.

Rudieni kuhesabu. Ombi rasmi la Halmashauri litakufikia kesho, nitalitia saini mimi. Ila siku yenyewe usimwambie. Sasa hivi ameshaelewa kwamba kinachotakiwa ni wingi, na Mhoja akielewa jambo halielewi nusu. Ukimtajia tarehe ataleta harusi mbili na timu ya mpira.

Mwandikie kwamba mtakuja Alhamisi tarehe 21. Halafu Jumanne tarehe 19 mimi na wewe na Jonathan tukae kimya kwa Mama Precious kama wateja wengine. Hesabu ya safari hii iwe na mikono miwili, wa mshauri na wa Halmashauri, ili kikaoni asitokee wa kusema mmoja wetu kambeba mwenzake.

Najua unaanza kufunga wiki ijayo. Nitakunywa chai kwa niaba yako.

Teodora Mayala


Nyamagana
11 Machi 2024

Mzee Mhoja,

Shikamoo. Halmashauri imekubali ombi lako. Tutakuja kuhesabu upya siku ya Alhamisi, tarehe 21 Machi.

Tafadhali safari hii usisumbuke kutuandalia lolote.

Nasma Seif


Nyashilanga
22 Machi 2024

YAH: SIKU AMBAYO HAITASAHAULIKA

Injinia,

Sikusumbuka, kama ulivyoagiza. Wananchi walipita wenyewe.

Najua ulikuwepo jana na yule kijana Jonathan chini ya mwavuli, lakini mlikuwa mnatazama upande mmoja, kwa hiyo naona nikueleze upande wa pili. Mafuso yalikuwa kama kawaida. Bajaji zilikuwa kama kawaida, labda kupita kidogo. Kama uliona moja yenye dereva wa fulana ya njano ikija na ikija bila kuonekana ikirudi, ipo njia ya nyuma ya zahanati. Mzee Masele alipitisha ng'ombe asubuhi, akapitisha wengine adhuhuri. Wengine hao walifanana sana na wale wa kwanza, lakini ng'ombe wa ukoo mmoja hufanana.

Kwaya ya vijana ilikuwa na safari ya kwenda mwaloni, na ikakumbuka imesahau kitu, ikarudi. Wachezaji ngoma nao walipita, Wagika na Wagalu, vile vikundi viwili vya Kisukuma visivyoacha kushindana. Hapo ndipo palipotaka kuharibika, maana kila upande ulitaka kuhesabiwa kwanza, na kiongozi wa Wagalu akawa anamwambia wa Wagika, "Nyie subirini, makarani wasije wakadhani barabara ni ya wagonjwa!" Nikaamua wapite sambamba. Barabara ilijaa mpaka pomoni. Ikawa lazima hata mbuzi aombe njia.

Nimeona ukiinamisha kichwa muda mrefu na mabega yakitikisika. Nilidhani ni jua na funga. Pole sana, binti yangu.

Selina naye alipita, bila ndoo. Nilimwambia apite tu. Aliniuliza kwa nini apite wakati hana anakokwenda.

Nasubiri majibu. Dirisha la ofisi liko wazi.

Mhoja Luhaga
Mtendaji wa Kata
(Mhuri)


Nyamagana
22 Aprili 2024

Mzee Mhoja,

Shikamoo. Naanza na lililo kubwa. Kikao kilikaa Ijumaa. Barabara ya mwaloni imebaki kwenye orodha, na si kubaki tu: imepitishwa na lami, mitaro ya mawe pande zote mbili, na njia ya waenda kwa miguu tangu mwaloni hadi Igoma. Kona ya kanisani itapanuliwa. Mhandisi Teodora aliwasilisha upande wa Halmashauri, mimi nikawasilisha usanifu, na diwani mmoja wa kata nyingine aliyeuliza "hiyo Nyashilanga ina watu?" alipewa ukurasa wa hesabu akausoma mpaka chakula cha mchana.

Sasa nikae vizuri nikwambie la pili, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Ile Alhamisi haimo kwenye ripoti. Hakuna hata mbuzi mmoja wa Alhamisi. Karatasi za siku ile anazo Jonathan nyumbani kwake, anasema anawasomea wageni.

Hesabu iliyopitishwa ni ya Jumanne, siku mbili kabla. Tulikaa kwa Mama Precious, mimi, Mhandisi Teodora na Jonathan, bila kukuambia. Mama Precious aliniona nimekaa muda mrefu bila kuagiza, akaja na mikono kiunoni: "Dada, hapa ni mgahawa, si kituo cha polisi. Unamvizia mume wa nani?" Nikamwambia nimefunga. Akasema, "Basi kaa, funga yako Mungu aipokee, ila ukimwona huyo mume usimpigie hapa ndani, nina vyombo." Akaniongezea kiti cha miguu.

Na tukaiona barabara. Mzee Mhoja, uliandika kweli tupu katika ile barua ya mwezi wa tatu. Kirikuu, mafuso, watoto, ng'ombe, vyote. Kitanda hatukukiona, lakini tuliona kabati. Ilipofika saa nne ilibidi Mhandisi Teodora mwenyewe ashike kalamu, kwa sababu Jonathan alikuwa anapitwa. Niliwaona kina mama wa dagaa wakishuka pembeni mmoja mmoja kulipisha fuso, kila mmoja akitafuta jiwe la kukanyaga kwenye lile korongo. Mmoja alikuwa anachechemea. Aliposhuka, kalamu yangu ilisimama, ikabidi nimuulize Jonathan nimeishia wapi.

Kwenye safu ya baiskeli kuna mtu mmoja aliyetuchanganya. Mzee, koti la suti, suruali imebanwa na kibanio cha nguo. Alipita kwenda juu. Akapita kwenda chini. Kila baada ya muda kidogo anapita tena, anasimama kwa watu, anaongea kwa mikono, anaondoka mbio. Tuliposikiliza, alikuwa anawaambia wapite Alhamisi. Jonathan akaniuliza kama amhesabu kila mara au mara moja tu. Nilimtazama Mhandisi Teodora. Akasema, "Mhesabu kila mara. Hakuna anayeijua barabara hii kwa magurudumu yake kuliko huyo."

Kwa hiyo umo ndani ya ripoti, kihalali, mara nyingi.

Nisamehe kwa kukuficha. Wewe ulituficha barabara kwa heshima ya wageni, sisi tukakuficha siku kwa heshima ya barabara. Awamu ya ujenzi ikianza naomba tusifichane. Nitahitaji uniambie maji ya masika yanapita wapi, mvua ikiwa inanyesha, na tope likiwepo.

Nasma Seif


Nyashilanga
29 Aprili 2024

Binti yangu Injinia Nasma,

Marahaba.

Nilikasirika. Nakuandikia ili ijulikane ofisini kwenu kwamba nilikasirika rasmi. Mtu anakaa kwa Mama Precious, katika kata yangu, kutwa nzima, na mimi napita mbele yake na koti la suti nisijue! Nimemwita Mama Precious nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema alidhani ni mambo ya ndoa.

Hasira ilidumu mpaka nilipoisoma barua upya nikafika kwenye neno "mitaro". Hapo nikavua koti.

Jumamosi nikaitisha mkutano wa hadhara. Nikasoma barua yako kwa sauti, ukurasa wa kwanza. Watu wakapiga makofi, Wagalu wakaanza kudai ni wao walioileta lami, Wagika wakasema hao walikuwa wanafuata nyuma tu. Ikabidi nisome na ukurasa wa pili. Wagalu na Wagika wakaacha kugombana, wakanigeukia wote.

Mzee Masele ndiye aliyeanza. "Mtendaji, unataka kusema ng'ombe wangu ulionizungushia kutwa hakuhesabiwa hata mmoja?"

"Hata mmoja," nikasema.

"Na kwaya?"

"Hata kwaya."

"Wewe je?"

Nikawaambia nimehesabiwa. Sitakuandikia walivyonicheka, maana barua hii inakwenda na mhuri. Nimeamua kuliona kama jambo la fahari. Katika watumishi wote wa Halmashauri, mwenye kumbukumbu ya maandishi kwamba alikuwa kazini siku ile, akizunguka kata, ni mimi.

Halafu Selina akasimama. Alisimama taratibu, unajua mguu wake.

"Shemeji," akasema, "hiyo Jumanne, sisi tulikuwa tunafanya nini?"

"Mlikuwa mnapita."

"Tuliitwa?"

"Hamkuitwa."

"Tulifagiliwa njia?"

Hapo nilikohoa kidogo. "Haikufagiliwa."

"Mimi nilikuwa na ndoo yangu, na hii kanga iliyochakaa, na mguu huu."

"Ndivyo walivyokuona. Injinia kaandika."

Akafikiri. Alikuwa ananitazama kama ananiuliza jambo la nyumbani, si la mkutano.

"Kwa hiyo hivi tulivyo," akasema, "tulitosha?"

Binti yangu, nimesimamia mikutano mingi, na maswali ya wananchi huwa nayapokea nikaahidi kuyafanyia kazi. Hili nililijibu palepale.

"Mlitosha, shemeji. Mkazidi."

Mhoja Luhaga
Mtendaji wa Kata
(Mhuri)